Nani Analipia Viambishi?

Same ni mji wa wilaya mkoani Kilimanjaro, kimojawapo cha vituo vya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Kusanya habari zote za reli hiyo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, iache katika usanidi wa Kiingereza, kisha tafuta Same: hutapata hata mstari mmoja. Jina linaweza kuwa limeandikwa humo mara elfu. Sababu yenyewe ni ndogo. Kabla ya kuandika faharasa, programu hutupa maneno ya Kiingereza yanayojirudia mno, na katika orodha ya maneno hayo limo moja lenye herufi hizo hizo nne. Jibu, hata hivyo, huja upesi ajabu. Sifuri haichukui muda kuhesabiwa.

Naanza hapo kwa sababu mazungumzo ya kuharakisha utafutaji wa matini huanza karibu kila mara kwenye mashine: kumbukumbu kiasi gani, diski ya aina gani, seva ngapi. Kwa lugha ambayo programu hizi zilitengenezwa kwa ajili yake, mwanzo huo una mantiki, maana suala la kupata kinachotafutwa lilikwisha tatuliwa na wengine, limebaki la kasi. Kwa Kiswahili mambo hayo mawili hayatengani. Kitenzi chetu hubeba mbele yake nafsi, njeo, kirejeshi na mtendwa, na nyuma yake mnyambuliko. Mzigo huo una gharama, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Anaweza kuilipa mwandishi wa faharasa, mara moja tu, siku maandishi yanapoingizwa. Inaweza kulipa seva, kila swali linapoulizwa. Ama hulipa msomaji, kwa kukosa alichokuja kutafuta na kuondoka akiamini hakipo. Mambo mengi yanayoitwa ya kiufundi katika uwanja huu, ukiyachambua, ni uamuzi wa nani alipe.

Faharasa yenyewe haina miujiza. Ni ile iliyo nyuma ya kitabu, isipokuwa hii haichagui: kila neno huandikwa, na mbele yake huorodheshwa hati zote lilimo na nafasi lilipokaa ndani ya kila hati. Mtu akitafuta maneno mawili, orodha mbili hupitiwa sambamba hadi zinapokutana. Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999, ndiyo iliyo chini ya Elasticsearch na Solr; PostgreSQL na MySQL zina faharasa zao. Orodha hizo hubanwa. Badala ya kuandika hati ya 10,452 kisha ya 10,460, huandikwa ile ya kwanza na baada yake tofauti tu, 8. Namba ndogo huchukua nafasi ndogo, na faharasa ndogo hukaa yote kwenye kumbukumbu badala ya kusomwa diskini. Kazi hiyo imefanywa vizuri na watu wengine na hatuna la kuongeza.

Maandishi ya pwani ya Tanga yanafaa kuwa kipimo, si kwa wingi wake bali kwa namna zake. Wamisionari wa UMCA huko Magila, Muheza, walianza kutoa Habari za Mwezi katika miaka ya 1890. Hapo hapo Magila ndipo ilipochapwa Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, tarehe ya watawala wa Usambara. Shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga ilichapisha gazeti la Kiongozi hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Shaaban Robert, aliyezaliwa pwani hii mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliacha riwaya, insha, mashairi na barua. Leo kuna hukumu za Mahakama Kuu Tanga, taarifa za Bodi ya Mkonge, nyaraka za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani.

Tuseme yote yamekusanywa yakafika kurasa 100,000, kila ukurasa una maneno 400. Hayo ni maneno milioni 40. Kwa baiti saba kila neno pamoja na nafasi, ni megabaiti 280. Faharasa ya Lucene kwa kawaida huchukua asilimia 20 hadi 30 ya ukubwa wa matini. Tuizidishe mara mbili kwa tahadhari: bado haifiki megabaiti 200. Simu janja ya bei ya chini dukani leo ina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo. Korpusi ya Kiswahili ya Helsinki, toleo la pili, ambayo ni miongoni mwa mikusanyo mikubwa ya lugha yetu iliyochambuliwa kisarufi, ina maneno milioni 25 hivi. Taasisi ya mkoani inayoambiwa kwamba utafutaji wake ni mzito kwa sababu haina seva za kutosha ina haki ya kuomba ionyeshwe hesabu.

Basi kwa nini tovuti nyingi za Kiswahili hutafuta kwa kusuasua? Mara nyingi kwa sababu hazina faharasa kabisa. Mtengenezaji ameandika amri ya LIKE yenye alama ya asilimia mbele na nyuma ya neno, na hifadhidata hulazimika kusoma kila hati tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kila swali. Ni rahisi kumcheka. Lakini ana sababu yake: alijaribu faharasa ya kawaida, akatafuta “soma”, akaona haimletei “wanasoma”.

Hesabu fupi inaonyesha ukubwa wa jambo. Chukua kitenzi kimoja. Viambishi vya nafsi na ngeli vinavyoweza kukaa mwanzo ni 16 hivi. Njeo tuchukue sita tu. Viambishi vya mtendwa navyo 16. Ni maumbo 1,536, na hatujagusa ukanushi, virejeshi wala mnyambuliko: someka, somea, somesha, someshwa, kila mmoja ukizidisha upya. Kitenzi cha Kiingereza huwa na maumbo manne au matano. Kwa faharasa isiyojua sarufi, kila umbo ni neno geni lisilo na udugu na jingine. Kamusi ya faharasa huvimba, na kila neno huwa na orodha fupi fupi za hati.

Kuvimba kunaonekana. Kuna dhara jingine lisilosemwa sana. Matokeo ya utafutaji hupangwa kwa kanuni inayotokana na wazo la Karen Spärck Jones la mwaka 1972: neno linalopatikana katika hati chache lina uzito kuliko linalopatikana kila mahali. Kanuni ya BM25 inayotumika leo kwenye Lucene imejengwa juu ya wazo hilo. Sasa kitenzi cha kawaida kabisa kama “soma”, kikigawanyika katika maumbo mia kadhaa, kila umbo huonekana adimu, na kila umbo hupewa uzito wa neno la maana kubwa. “Wakatusomesha” litapewa hadhi ya istilahi nadra ya elimu ya bahari. Hati inayofaa huzama ukurasa wa tatu, msomaji hufungua kurasa nyingi zaidi, seva hufanya kazi mara tatu.

Njia ya kumwachia msomaji alipe ndiyo iliyozoeleka: anajifunza mwenyewe kujaribu “soma”, kisha “kusoma”, kisha “wanasoma”, kila jaribio likiwa swali jipya kwa seva. Njia ya pili ni kuiachia seva. Hapa watu huweka kinyota mbele ya neno. Kamusi ya faharasa imepangwa kwa alfabeti tangu herufi ya kwanza, kwa hiyo ukificha mwanzo wa neno unailazimisha ipitie kamusi nzima. Kuna ujanja wa kuandika kila neno pia kinyumenyume, ili “soma” liwe “amos” na utafutaji wa mwisho wa neno uwe utafutaji wa mwanzo. Ni ujanja mzuri kwa “wanasoma” na “hatukusoma”. Kwa “walisomeshwa” haufai kitu. Wengine hukata kila neno katika vipande vya herufi tatu tatu, kama kiendelezi cha pg_trgm cha PostgreSQL kinavyofanya. Njia hiyo huvumilia makosa ya tahajia, lakini faharasa hunenepa, na kipande kama “som” huleta Somalia pamoja na masomo. Wapo pia wanaofikiria kutengeneza maumbo yote ya kitenzi wakati wa swali. Lucene kwa kawaida hukubali vipengele 1,024 katika swali moja. Kitenzi chetu, kwa hesabu ya hapo juu, kimeshavuka kabla ya kukanushwa.

Inabaki njia ya tatu, kulipa wakati wa kuandika faharasa: neno lipunguzwe hadi shina lake, na swali nalo lipunguzwe vivyo hivyo. Kwa Kiingereza kazi hiyo ilirahisishwa na Martin Porter mwaka 1980 kwa kanuni zinazoingia kurasa chache, na mradi wake wa Snowball umezaa kanuni kama hizo kwa lugha nyingi. Kiswahili hakimo katika Snowball, wala Lucene haina kichambuzi chake, ingawa inacho cha Kibasque na cha Kiayalandi. Wazungumzaji wa lugha hizo mbili kwa pamoja hawafiki idadi ya wasemaji wa Kiswahili katika mikoa yetu michache. Sioni njama hapo; kazi za namna hii hufanywa na anayejitokeza, na sisi hatukujitokeza.

Atakayejitokeza ajaribu kanuni zake kwanza kwenye ramani ya Mkoa wa Tanga. Ondoa kiambishi ki- cha ngeli, na wilaya ya Kilindi inakuwa Lindi, mji ulio kusini kabisa mwa nchi. Ondoa wa- na ki- kwa pamoja, na Wakilindi, nasaba iliyotawala Usambara, wanageuka watu wa Lindi. Ondoa -ni ya mahali, na Pangani inabaki panga: mtu anayetafuta historia ya bandari ile analetewa wapangaji wa nyumba, mipango ya bajeti na kesi za kujeruhi. Mkinga ikipoteza m- inakuwa kinga, na inajaa habari za chanjo. Ngamiani, eneo la mjini, inageuka mifugo. Na jiji lenyewe halisalimiki. Kanuni inayoondoa ma- ya wingi, ambayo ni ya lazima kwa mashamba na makanisa, itageuza matanga kuwa tanga, na anayeuliza habari za Tanga ataletewa watu waliofiwa.

Vitenzi vina mitego yao. Kanuni ikitafuta kiambishi cha nafsi au ngeli kikifuatwa na njeo, itakiona kitanda kuwa ki-ta-nda, na walinzi kuwa wa-li-nzi. Kuweka masharti ya urefu, kwamba kinachobaki kisipungue herufi tatu, kunawaokoa walimu (wasikatwe wa-li-mu) lakini hakukiokoi kitanda, na papo hapo kunavifukuza vitenzi vya silabi moja, ja, la, fa, pa, ambavyo ni vya kila siku. Dawa ni orodha. Kata tu pale kinachobaki kinapokuwa mzizi wa kitenzi unaojulikana. Vitenzi vya silabi moja viandikwe kwa mkono, ni vichache. Mizizi ya vitenzi vya Kiswahili inahesabika kwa elfu chache, na kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, zimepangwa kwa mashina. Kazi ngumu ya kuamua shina ni lipi imekwisha fanywa na wanakamusi.

Majina ya mahali nayo yana dawa inayofanana. Mikoa, wilaya, kata na vijiji vimeorodheshwa rasmi. Orodha hiyo ipewe kichambuzi kama maneno yasiyokatwa. Herufi kubwa katikati ya sentensi ni dalili nyingine, nayo isitupwe mapema kwa kugeuza kila kitu kuwa herufi ndogo kabla ya uchambuzi. Dalili hiyo husaidia upande wa hati tu, maana anayetafuta kwa simu huandika “pangani” kwa herufi ndogo na hana wa kumlaumu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka faharasa moja yenye mashina peke yake. Hifadhi sehemu mbili: moja ya neno kama lilivyoandikwa, nyingine ya shina, na ile ya kwanza ipewe uzito mara mbili au tatu. Anayeandika Pangani atapata Pangani juu, na wapangaji chini kama lazima wawepo. Faharasa itakua, pengine kwa nusu tena. Kwa megabaiti 200, nusu tena ni nini?

Upo uchambuzi wa kina zaidi kuliko kukata viambishi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kujenga kichambuzi cha mofolojia ya Kiswahili, na mfumo wake wa SALAMA hutoa tafsiri zote zinazowezekana za neno kisha huchagua kwa kuangalia maneno jirani. Hivyo ndivyo mashine inavyoweza kujua kama “kaa” ni kiumbe wa mikokoni, kipande cha moto, au amri ya kuketi. Mfumo wa namna hiyo ni mzito kuliko kanuni nyepesi, lakini uzito wake huangukia siku ya kuingiza hati, si saa ya kutafuta. Hata ukichambua maneno elfu tano tu kwa sekunde, milioni 40 yatakwisha kwa saa mbili na ushei. Ni usiku mmoja, na kompyuta haidai posho.

Kabla ya sarufi kuna tahajia, na hapo Tanga ina kesi yake: Mtang'ata. Ni jina la eneo la pwani kati ya Tanga na Pangani, na la lahaja yake iliyochambuliwa na Whiteley katika kitabu cha mwaka 1956. Kigawanya-maneno cha kawaida cha PostgreSQL hukichukulia kibainishi hicho (') kuwa mpaka, na faharasa hupata “mtang” na “ata”. Lucene hulishika neno zima, ila kibainishi kilichonyooka na kilichopinda ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo Mtang'ata ya taipureta na Mtang’ata ya programu ya kisasa huwa maneno mawili yasiyojuana. Wapo pia waandikao Mtangata. Njia fupi ni kufuta vibainishi vyote kabla ya kugawa maneno, kwenye hati na kwenye swali. Ng'oa na ngoa yatakutana, lakini ni mara chache mtu atafute wivu akaletewa kung'oa mihogo.

Magazeti ya kale yana “khabari” na “kheri” pale tunapoandika habari na heri. Kugeuza kh kuwa h hakuna hasara kubwa. Wajerumani waliandika Muhesa, Moschi, Jassini. Lushoto waliiita Wilhelmsthal, na hakuna kanuni ya tahajia itakayokupeleka huko ila orodha ya majina. Tenzi za kale za pwani, kama ule wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, zina tatizo la namna nyingine: hati ya Kiarabu kwa kawaida haitofautishi e na i, wala o na u, na sauti kama p na ch kila mwandishi aliziandika alivyozoea. Mnakili mmoja anaweza kusoma hivi na mwingine vile. Faharasa inaruhusu maneno mawili kukaa nafasi moja. Ruhusa hiyo itumike, kuliko mhariri kuchagua usomaji mmoja na kuuzika mwingine.

Makosa ya programu zinazosoma herufi kutoka kwenye picha nayo huingia faharasani kama maneno halali. Maktaba ya HathiTrust ya Marekani, yenye mamilioni ya vitabu vilivyopigwa picha katika mamia ya lugha, iligonga kikomo cha Lucene cha wakati huo baada ya maneno tofauti kuzidi bilioni mbili. Sehemu kubwa yalikuwa takataka za usomaji mbaya wa herufi. Sisi hatutafika huko, lakini kurasa za 1905 zilizochapwa kwa wino hafifu, zenye maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari, zitajaza kamusi yetu kwa kiwango chetu. Kuunganisha maneno yaliyokatwa mstarini ni kazi ya mchana mmoja, na faida yake huzidi kununua diski mpya.

HathiTrust hao hao walikabili tatizo linalotuhusu zaidi: utafutaji wa kirai chenye maneno ya kawaida. Kitabu cha Shaaban Robert kinaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Ukitupa “na” na “ya” ili kupunguza faharasa, huwezi tena kutafuta jina hilo neno kwa neno. Ukiyabakiza, orodha ya “ya” ina karibu kila hati, na kulinganisha nafasi moja moja huchosha mashine. Wao waliandika neno la kawaida pamoja na jirani yake kuwa kitu kimoja, “baada_ya”, “ya_miaka”, na orodha ndefu zikawa fupi. Kwa Kiswahili, ambako kiunganishi cha -a kinaandamana na ngeli na kinapatikana karibu katika kila sentensi, naiona njia hii kuwa ya lazima kuliko ilivyo kwao. MySQL inahitaji tahadhari ya peke yake: majedwali ya aina ya zamani, MyISAM, huyaacha maneno yenye herufi chini ya nne. Dau, mto, mti, kaa, nzi na mbu, yote hayamo.

Mipangilio ya mashine yenyewe nitaipitia haraka, kwa sababu miongozo yake ipo kila mahali. Elasticsearch ilikuwa ikigawa kila faharasa vigawanyo vitano bila kuulizwa, hadi toleo la 7 la mwaka 2019. Kwa mkusanyo wa ukubwa wetu kigawanyo kimoja kinatosha, na vitano ni kupoteza muda wa kukusanya majibu. Hifadhi isiyobadilika iunganishwe kuwa kipande kimoja baada ya kuingizwa. Wakati wa kuingiza hati kwa wingi, zima tabia ya kuonyesha hati mpya kila sekunde. Usiipe programu kumbukumbu yote, uache nusu kwa mfumo wa kompyuta utunze faili zinazosomwa mara kwa mara. Lucene tangu toleo la 8 inaweza kuruka hati zisizo na nafasi ya kuingia kumi bora, mradi hukuidai ihesabu jumla kamili ya matokeo. Kwenye PostgreSQL adui mara nyingi si kutafuta bali kupanga: faharasa ya GIN haihifadhi nafasi za maneno, kwa hiyo kupanga matokeo hulazimu kufungua kila safu iliyopatikana, na kuonyesha dondoo yenye maneno yaliyokolezwa hulazimu kuisoma hati upya. Chagua kumi kwanza, ndipo utoe dondoo za hizo kumi. Nashangaa ni mara ngapi kosa hili moja ndilo lililofanya watu wahamie programu nyingine.

Kuna ucheleweshaji ambao hauko faharasani kabisa. Tuseme seva ya taasisi imekodiwa Ulaya. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa njia ya kebo ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla seva haijafanya lolote. Ukurasa unaotuma ombi kwa kila herufi anayobonyeza msomaji wa Raskazone mjini Tanga unamrudishia mapendekezo ya herufi alizokwisha kufuta. Kuharakisha faharasa kutoka milisekunde 20 hadi 10 hapo ni kazi bure. Kusubiri kidogo hadi mtu atulize kidole, au kuiweka faharasa Dar es Salaam, kutaonekana mara moja. Kwa mkusanyo wa megabaiti 280, kwa nini usikae ndani ya kompyuta ya maktaba ya mkoa, bila mtandao?

Mahakama ni mtihani mgumu kuliko magazeti. TanzLII huweka hukumu za mahakama zetu wazi kwa umma, na kwa miongo mingi hukumu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkusanyo unakuwa wa lugha mbili, na mara nyingi ndani ya hukumu moja: hoja kwa Kiingereza, ushahidi wa mdai kuhusu minazi na mpaka wa shamba kwa Kiswahili. Kichambuzi cha Kiingereza kikipewa Kiswahili hakinyamazi. Kanuni za Porter hufuta -e ya mwisho katika maneno mengi, kwa hiyo “mwembe” hubaki “mwemb” huku “miembe” ikienda njia yake. Itambulike lugha kwa aya, si kwa hati, na kila aya iende kwa kichambuzi chake.

Kwa visawe nitakiuka kanuni yangu mwenyewe na kuvilipia wakati wa swali. Tanga husema mkonge, na husema katani. Anayetafuta kimoja anahitaji vyote viwili. Samaki yule wa kale aliyenaswa mara nyingi baharini hapo, na ambaye hifadhi ya bahari ilianzishwa kwa jina lake mwaka 2009, magazeti humwandika silikanti, na tahajia nyingine kadhaa. Maneno kama haya ni machache, swali likiongezwa maneno mawili halichoki, na orodha hubadilika kila mwezi bila kulazimika kuandika faharasa upya.

Yote haya yatapimwaje? Mikutano ya TREC, iliyoanza Marekani mwaka 1992, ilizoesha utaratibu wa maswali 50 yenye majibu yaliyokaguliwa na watu. Maswali 50 ya watu wa Tanga, ya mwanafunzi, ya wakili, ya mvuvi anayeuliza mipaka ya hifadhi, yanaweza kuandaliwa na wakutubi wawili kwa wiki kadhaa. Kila badiliko la kanuni lipitishwe humo, na ipimwe kasi ya maswali mazito zaidi, siyo wastani. Wastani hupambwa na yale maswali yanayorudi na sifuri kwa milisekunde moja. Daftari la maswali yaliyokosa jibu ni mali kuliko takwimu nyingine zote, nalo ndilo hufutwa kwanza diski ikijaa.

Siku hizi mtu atakuambia kanuni za viambishi zimepitwa na wakati, kwa kuwa modeli za lugha hugeuza sentensi kuwa namba na kutafuta kwa ukaribu wa maana. Kiswahili kimo katika mikusanyo inayotumika kupima madai hayo, kama Mr. TyDi ya mwaka 2021, yenye lugha 11. Humo modeli ya maana, ikitumiwa bila kufunzwa kwa lugha husika, ilishindwa na BM25 ya kawaida kwa jumla, ila zikiunganishwa hupatikana matokeo bora kuliko BM25 peke yake. Na hiyo BM25, kwa upande wa Kiswahili, ilipewa maneno yaliyokatwa kwa nafasi tu, bila sarufi yoyote. Modeli zilishindanishwa nasi tukiwa tumefungwa mkono mmoja. Aidha modeli hulipisha kila swali hesabu nyingi za ziada, na imelishwa zaidi Kiswahili cha Wikipedia na magazeti ya leo kuliko cha Habari za Mwezi, seuze Kimtang'ata. Ningeiweka mwisho, ipange upya hati mia za kwanza ambazo faharasa imekwisha kuzileta. Faharasa yenyewe, kwa ukubwa huu, yaweza kufutwa na kuandikwa upya kila kanuni inapobadilika, mradi matini ya asili imetunzwa kama ilivyochapwa, kh na Jassini zake zote, bila kusahihishwa.